Nilichagua Jezi ya Babu, Baba Akahamia Zizini

Siku niliyotangaza kwamba nitaichezea timu ya taifa ya Somalia, baba yangu alikunja godoro lake, akalifunga kwa kamba, akahamia zizi la mbuzi.

Sitanii.

Tuna nyumba ya mawe hapa Kitengela, vyumba vitatu, maji ndani. Mzee akaona heri mbuzi.

Alipanda pikapu ya jirani hadi Kajiado, kwenye zizi alilokodi karibu na soko la mifugo. Akamtoa mlinzi kwenye kibanda cha mabati kilichokuwa humo, akatandika godoro lake.

Siku ya kwanza mama alicheka. "Atarudi. Huko kuna viroboto."

Wiki ikapita. Nyingine ikapita. Viroboto walishindwa.

Naandika haya kwa sababu watu wengi mtandaoni wananiuliza kwa nini nilicheza mechi moja tu kisha nikapotea. Kuna wanaosema niliumia goti. Kuna wanaosema nilidai hela nikanyimwa. Kuna mmoja ameandika kwamba nimerogwa, na amepata likes nyingi kuliko mimi nilipofunga magoli yangu yote.

Kila mtu ana jibu. Leo nisikieni mwenyewe, na mkimaliza mnihukumu mtakavyo.

Naitwa Gedi. Nimekulia Noonkopir, pale Kitengela, kwenye vumbi na mawe, na mpira nilianza kuucheza kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Baba yangu, Abdiladif, alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Familia yake ilitoka kaskazini mashariki. Babu, yaani baba yake, alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kismayu, akavuka na ngamia wake akiwa kijana. Mimi babu sikumwona.

Lakini jina lake nililijua. Kwetu sisi Wasomali mtoto hufundishwa majina ya ukoo kabla hata hajajua kuandika. Jina lako, la baba, la babu, la baba wa babu, hivyo hivyo mpaka juu kabisa. Baba alinifundisha tukichunga mbuzi wake Kajiado wakati wa likizo. Nikiruka jina moja, fimbo ya mguu.

"Mtu ambaye anajua watu yake hapotei," alikuwa akiniambia.

Watoto wa mtaani walinitania. "Wewe ni Msomali aina gani, mweusi hivi?" Nilikuwa nakuja nyumbani nikilia. Mama yangu, Sadiyo, alinifuta uso akasema nimemfuata babu yake yeye. Nikaridhika. Mtoto akiambiwa na mama yake, nani tena atabishana?

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Ila hakukosa mechi yangu hata moja ya shule. Alisimama kando ya uwanja na rafiki yake Lemein, dalali wa ng'ombe pale sokoni, Mmaasai mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Lemein ndiye Mmaasai pekee niliyemjua anayekubaliana bei kwa vidole chini ya kitambaa, kama wafanyavyo wazee wa Kisomali. Baba alimfundisha. Walikuwa wanagombana kila siku na kula sahani moja kila siku.

Basi. Nikakua, nikacheza Kitengela chini ya kocha Muthama, nikapata timu Nairobi, winga wa kulia. Nilikuwa najua kazi yangu. Magazeti yaliniandika mara kadhaa. Lakini kila timu ya taifa ya Kenya ilipotajwa, nilisoma majina kuanzia juu hadi chini, halafu nikayasoma tena kuanzia chini hadi juu.

Halafu akaja mgeni.

Alikuwa mzee mnene, mcheshi, ndevu zimepakwa hina, afisa wa ile timu ya Somalia. Walikuwa wakitafuta vijana wenye asili ya kwao popote walipo. Alikuja nyumbani Jumapili mchana. Mama alipika wali na nyama, akatoa vikombe vya wageni.

"Karatasi si shida," mgeni alisema. "Karatasi hata paka anaweza kupata. Mimi nataka kusikia kwa masikio. Kijana, wewe ni nani?"

Nilijua anauliza nini. Nikaketi wima, nikaanza. Gedi. Abdiladif. Warsame. Liban. Roble. Nikapanda jina baada ya jina bila kukwama.

Nilipofika mbali mgeni alifumba macho, akawa anatikisa kichwa polepole. Kuna jina moja lilimfanya ayafumbue.

"Huyo ni babu yangu pia," akasema. "Wallahi wewe ni damu yetu."

Akanikumbatia. Nilijisikia mtu. Miaka yote hiyo nikiambiwa ngoja, hatimaye kuna mtu amekuja mpaka sebuleni kwetu kusema mimi ni wake.

Nilipogeuka kumtazama baba, kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa ametoka nje na kuacha chai yake nusu, mbele ya mgeni. Kwetu hilo halifanyiki. Mama alikuwa akifuta meza ambayo haikuwa chafu.

Jioni baba aliniita.

"Utachezea hapa," akasema.

"Hapa nani ameniita, Aabo?"

"Ngoja."

"Nimengoja tangu nikiwa under-twenty. Mpaka lini?"

"Ngoja tena. Wewe ni mtu wa hapa."

"Lakini kwa nini? Niambie tu sababu."

Akainuka, akafunga dirisha.

Mimi sababu niliijua. Au niseme, nilijipa. Baba alipokuwa kijana alihangaika miaka mingi kutafuta kitambulisho. Kila alipofika mbele ya foleni aliulizwa kama kweli ni Mkenya. Alete chifu. Alete mzee. Arudi kesho. Alipokipata hatimaye, alikifunga kwenye karatasi ya nailoni na hakukiacha nyumbani hata akienda kuoga mtoni. Nikaona wazi kabisa: mzee anaogopa majirani waseme, si tulijua hawa si wenzetu.

Hasira ikanipanda. Nikamwambia, "Aabo, wewe unaonea aibu damu yako mwenyewe."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinitazama, midomo ikimcheza, nikadhani anataka kusema kitu.

"Nenda ulale, Gedi," akasema.

Kesho yake nikaweka picha mtandaoni, nimeshika jezi ya buluu yenye nyota nyeupe. Mchana godoro likaondoka.

Sasa wacha niwaambie kitu kuhusu radhi, kwa wale ambao hawajui. Kwetu, ukisafiri kwa jambo kubwa bila radhi ya mzazi, safari hiyo ina mkosi. Unaweza kufika, unaweza kushinda, lakini kuna mlango umefungwa nyuma yako. Nami kwa kichwa changu kigumu chote, hilo nililiogopa.

Kwa hiyo siku moja kabla ya kusafiri nilikwenda Kajiado.

Niliwakuta baba na Lemein wameketi juu ya mitungi ya maji nje ya zizi. Walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini. Waliponiona wakanyamaza.

Baba alikuwa amekonda. Shati limejaa manyoya ya mbuzi.

"Aabo," nikasema, "nimekuja kuomba radhi yako. Nasafiri kesho."

Baba hakunitazama. Alimtazama Lemein.

"Lemein. Unasikia? Mtoto anaomba."

"Mimi sina neno," Lemein akasema, macho kwa mbuzi.

"Anaomba na amekuja na miguu yake. Unataka nimwambie nini?"

Lemein aliinuka, akachukua rungu lake, akaenda kuamua ugomvi wa mbuzi ambao hawakuwa wakigombana.

Sikuelewa. Nilidhani baba anamwomba rafiki yake amsaidie kunikataza.

Baba akavuta pumzi. "Enda salama. Mungu akuchunge. Lakini hiyo radhi ya safari, siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, Gedi."

Niliondoka bila kumpa mkono. Njia nzima mpaka Kitengela nilikuwa nalia kwa hasira, na nilijiambia kwamba nikifunga goli nitamtumia video.

Mechi ilikuwa ya kirafiki, katika nchi nyingine kabisa. Timu ile mara nyingi huchezea ugenini, hata inapokuwa mwenyeji. Kambini tulikuwa mchanganyiko: mwingine wa Sweden, mwingine wa Uholanzi, mwingine wa Marekani, mimi wa Kitengela. Kila mtu Kisomali chake na lafudhi yake. Tulicheka sana. Siwezi kudanganya, niliwapenda wale vijana. Wimbo wa taifa niliukariri bafuni, na ulipopigwa uwanjani niliuimba mpaka mwisho na machozi yakanitoka.

Niliingia kipindi cha pili. Tukafungwa mbili bila. Mpira mmoja niliupiga ukagonga mwamba.

Usiku huo simu yangu ilikuwa haishikiki. Waliokuwa wakinishangilia Kitengela walikuwa wamegawanyika. Mmoja aliandika, "Sasa si mfungashe virago familia yote muende kwenu." Huyo niliwahi kumnunulia viatu.

Nikampigia baba. Haikushikwa. Nikampigia tena asubuhi. Haikushikwa.

Mchana mama akapiga. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Rudi. Babako ameanguka sokoni."

Nilipata ndege ya jioni ya kuunganisha. Alfajiri, nikiwa katika uwanja wa ndege wa katikati, nimekaa sakafuni nikichaji simu, ukaja ujumbe wa Muthama. *Pole sana kijana yangu. Mzee ametuacha.*

Sisi hatuweki maiti. Anayekufa asubuhi huzikwa kabla ya jua kuzama, na hakuna anayengojewa, awe mtoto, awe mfalme. Nilikuwa angani wakati wanaume wengine wakimshusha baba yangu kaburini. Kazi ile ni ya mtoto wa kiume. Sikuifanya.

Muthama alinipokea na gari lake, akanipeleka moja kwa moja hadi makaburini Kajiado. Nilikuwa bado nimevaa koti la timu. Nilipofika nje nililivua, nikaliacha kwenye gari.

Udongo ulikuwa bado una unyevu.

Nilikaa pale mpaka Muthama akaja kunishika bega. "Twende, boss. Mama anakungoja." Ni mtu mzima yule, Mkamba mwenye maneno mengi, lakini siku hiyo hakuwa na mengine.

Nyumbani nilimuuliza kila mtu swali moja. Baba alisema nini kunihusu? Alikufa akiwa radhi nami?

Mama aliinama. "Muombee dua, mwanangu."

Shangazi yangu Ilwad, dada ya baba, ambaye sisi humwita Edo, alisema hivyo hivyo. "Muombee."

Lemein alikuja matangani, akakaa nje na wazee, akanipa mkono bila kuniangalia usoni, akaondoka kabla ya chakula.

Nikajua basi. Baba ameondoka na kinyongo. Siku zile za matanga sikuweza kumeza kitu. Nilikuwa nikifumba macho nasikia ile sentensi yangu: unaonea aibu damu yako mwenyewe.

Matanga yalipoisha, sheikh alikuja kushughulikia mirathi. Tulikaa sebuleni. Mama, mdogo wangu wa kike, Edo Ilwad, na mimi. Sheikh akauliza kama desturi ilivyo, "Warithi wa marehemu ni akina nani?"

Edo ndiye aliyejibu, kwa kuwa ndiye mkubwa.

"Mke wake Sadiyo. Binti yake huyu. Na mimi dada yake."

Nilicheka kidogo. Nilidhani amesahau, uzee.

"Na mimi je, Edo?"

Edo alivuta mtandio wake akafunika uso.

Hapo damu ikanichemka. Nilisoma madrasa, hesabu ile naijua. Marehemu akiacha mtoto wa kiume, dada yake hapati kitu. Mtoto wa kiume asipokuwepo, dada ana fungu lake. Kwa hiyo nikaona mchezo wote.

"Edo, hata udongo haujakauka! Umeanza kula?"

"Gedi," sheikh akasema.

"Hapana, sheikh, mwacheni aseme. Aniambie mimi nimeondolewa lini kwenye hii familia. Ni kwa sababu ya jezi? Kama ni hiyo jezi niichome sasa hivi."

"Mwache Edo yako," mama akasema.

Aliongea polepole.

"Mwache. Anasema kweli. Gedi, mimi nimekulea. Sikukuzaa. Hata Aabo yako hakukuzaa."

Nakumbuka mdogo wangu akilia. Nakumbuka nje mtu akiuza sukumawiki kwa kipaza sauti, na nikashangaa kwamba bado kuna watu wananunua sukumawiki.

Mama akanieleza. Mwaka wa ule ukame mkubwa, kulikuwa na msichana anaitwa Roda aliyekuwa akipika chai na chapati kwenye kibanda pale soko la Kajiado. Mmaasai. Mwanaume aliyempa mimba alipotea. Roda alijifungua mtoto wa kiume, na baada ya siku chache akafariki. Kwao ng'ombe walikuwa wamekufa wote, maziwa hayakuwepo. Baba na mama walikuwa wameoana miaka mingi bila mtoto; mdogo wangu alikuja baadaye.

"Nilikuchukua nikunyweshe maziwa ya mbuzi wiki moja tu," mama alisema. "Wiki ikaisha. Nikakataa kurudisha. Babako aliniambia, Sadiyo, huyu ni wa watu. Nikamwambia, basi nipeleke na mimi pamoja naye."

Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Lakini baba alikosea jambo moja, na kosa hilo ni Mwislamu tu angelihesabu hivyo. Dini yetu inaruhusu kulea mtoto wa mwenzako, tena ina thawabu kubwa. Hairuhusu kumpa ukoo usio wake. Mtoto aitwe kwa baba yake mzazi. Baba alijua. Lakini hakutaka mtoto wake akue sokoni akiitwa wa kuokotwa. Akanipa jina lake, la baba yake, na la babu yake, mpaka juu kabisa, na akahakikisha nimeyakariri ili hata nikitupwa katikati ya Wasomali elfu moja, pasiwe na mmoja wa kuniuliza mara mbili.

Kisha mtu mwenye ndevu za hina akaja kuniuliza.

Sasa nikaelewa kile kiti kitupu. Baba alikaa pale akisikia mwanawe akiwataja wazee wake wote waliokufa kama mashahidi wa jambo lisilo kweli. Angewezaje kuitikia amina?

Sheikh akakohoa.

"Marehemu aliniita zizini," akasema. "Mimi na Mwislamu mwingine wa sokoni, tuwe mashahidi. Akausia theluthi ya mali yake iwe yako. Asiye mrithi anaweza kuusiwa, lakini mwisho ni theluthi. Akaniuliza kama anaweza kuongeza. Nikamwambia hapana, Abdiladif, hapo ndipo mwisho."

Akavua miwani.

"Kesho yake akanipigia simu, akaniuliza tena."

Ndipo nikalia. Nililia mbele ya Edo Ilwad niliyemtukana, na yeye ndiye aliyenishika kichwa.

Lakini swali langu lilibaki pale pale. Kama hakunikasirikia, mbona alihama? Mbona alininyima radhi?

Mama akasema, "Hiyo muulize Lemein. Roda alikuwa dada yake."

Nilimkuta sokoni. Haikuwa siku ya soko, kulikuwa na watu wachache na ng'ombe wachache. Aliponiona nakuja alijua. Alikaa chini kwenye gogo kabla sijamfikia.

"Wamekuambia," akasema.

"Wameniambia nusu."

Akakwaruza ardhi kwa rungu.

"Nilikuwa kijana," akasema. "Niko na ng'ombe zimekufa, dada amekufa, mtoto analia. Nikaacha mtoto kwa Abdi. Sasa nyumbani ningesema nini? Kwetu mtoto wa dada haupatii mtu wa nje. Hata kama ni njaa. Nikaenda nikaambia mama yangu mtoto amekufa pamoja na Roda."

"Alikuamini?"

"Aliamini. Alilia hiyo mtoto mpaka yeye mwenyewe akakufa. Mwaka jana tu. Yeye anakufa Kajiado, na wewe unacheza mpira Kitengela."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia. Sikufanya hata moja.

"Abdi aliniapia hatasema mpaka mimi nikubali," Lemein akaendelea. "Alishika hiyo kiapo mpaka ukasema unaenda Somalia. Siku hiyo alikuja na godoro. Akaniambia, Lemein, kijana atasimama mbele ya dunia aseme yeye ni mtu fulani, na sisi wawili tunajua si ukweli. Nifungulie mdomo. Nikakataa. Nilikuwa naona aibu. Watu wangu wangesema nini, nimedanganya mama yangu mpaka kaburi?"

"Kwa hivyo hakuhama kwa hasira?"

"Hasira gani? Alikuwa ananiomba. Asubuhi anaomba, jioni anaomba. Akichinja mbuzi ananipatia maini halafu anaomba. Hata ile siku umekuja kuaga, alikuwa ananiomba. Si ulimuona?"

Nilimuona. Nilimuona kwa macho yangu mawili.

"Siku ameanguka," Lemein akasema, "nilimwambia sawa Abdi, sema. Nimekubali. Lakini mdomo ulikuwa umepinda. Alikuwa anajaribu."

Tulikaa kwenye gogo lile, mimi na mjomba wangu, mpaka wenye ng'ombe walipoanza kuondoka. Mimi niliyevuka bahari kutafuta nchi ya mababu zangu, kumbe mababu zangu walichunga ng'ombe hapo hapo, kwenye ardhi niliyokuwa nikifutia viatu.

Baada ya muda yule mgeni mwenye ndevu za hina alipiga simu. Alinipa pole kwa dhati. Kisha akasema mechi za kufuzu zinakaribia, kocha amenipenda, mara hii nitaanza.

Nikamwambia yote.

Nilisikia akifunga mlango upande wa pili.

"Nani anajua haya?" akauliza.

"Mama yangu, mdogo wangu, shangazi, sheikh, na mjomba wangu."

"Basi ni jambo la nyumbani. Kijana, sikiza. Karatasi zako ziko sawa. Ukoo unaujua kuliko watoto wangu wenyewe. Babako ameshalala, Mungu amrehemu. Nyamaza, ucheze. Nani atajua?"

Aliniambia kwa upendo, nataka mjue hivyo. Hakuwa mtu mbaya. Na mimi nilitaka kucheza. Nawaapia nilitaka. Nilikuwa nimesimama jikoni, jezi ile imeanikwa nje kwenye kamba, na nilihisi ninaweza kuitikia ndiyo na maisha yaendelee.

"Adeer," nikamwambia, kama tunavyowaita baba zetu wadogo, "baba yangu alilala na mbuzi mwezi mzima akitafuta ruhusa ya kusema ukweli huu. Akaikosa. Mimi ninayo."

Nikasikia akivuta pumzi. Hakunilaumu. Alisema, "Innaa lillahi," kama mtu aliyefiwa, na tukaagana.

Ndiyo maana nilicheza mechi moja tu. Goti langu ni zima kabisa.

Kenya haijaniita. Nina umri ambao huenda haitaniita tena. Mwisho wa juma nacheza ligi Nairobi, na Lemein huja na kusimama kando ya uwanja peke yake. Hajui aweke mikono wapi.

Jina langu sijalibadilisha. Sheikh na mimi bado tunazungumza kuhusu hilo, na ni mazungumzo marefu.

Sasa funzo, kwa kuwa najua mmesoma mpaka hapa mkilisubiri.

Wewe unayelea mtoto wa mwenzako, Mungu akulipe mema, lakini mwambie angali mdogo, kabla mgeni hajafika na kumuuliza. Nawe uliyemfunga mwenzako kwa kiapo cha siri kwa ajili ya aibu yako, mfungulie mapema, angali ana mdomo wa kuisema.

Na wewe mtoto. Mzazi wako akikukatalia jambo na kushindwa kukupa sababu, usimpe ya kwako. Keti hapo, hata kama ni zizini, mpaka aweze kujibu.

Mimi nilipanda ndege.